Karatasi Yenye Mafuta ya Sambaza

Mwishoni mwa miaka ya tisini chuo kikuu kimoja kilituletea urithi wetu Gisenyi. Nasema kilituletea kwa sababu ndivyo mtaalamu wao alivyotueleza siku ya kwanza, amesimama kando ya skana yake kwenye ukumbi wa parokia: kwamba tuna urithi, hatujui kama tunao, na yeye amekuja kuutia kwenye kompyuta usipotee. Mambo hayo aliyasomea Ulaya kwa miezi mitatu. Tulimwita Profesa. Hakuwa profesa, lakini hakuwahi kutusahihisha.

Mimi nilipata kazi kwake kwa sababu nilikuwa nimerudi kutoka Tanzania na Kiswahili cha kuandikia, na nilijua kupiga chapa. Profesa akishapitisha kitu kwenye skana, mimi nilikiandikia maelezo, nikakipa namba, nikakitia kwenye bahasha ya kaki na kuifunga kwa gundi. Picha yake ilibaki kwenye kompyuta. Kitu chenyewe kiliingia kwenye sanduku la bati, tayari kwenda chuoni, na Profesa alikuwa na sheria moja tu aliyoipenda kuliko mkewe: kilichoingia sandukuni hakitoki.

Tangazo lilisomwa kanisani na msikitini, leteni vitu vya zamani. Profesa alikuwa anangoja ramani na barua za wakubwa. Watu wakamletea maisha yao. Mzee mmoja wa Nyakiriba alileta mipaka ya shamba lake, ameichora kwenye mfuko wa saruji, akataka aandikiwe hapo hapo kwamba jirani yake ni mwongo. Mama mmoja alileta picha ya eksirei ya mguu wa mumewe. Walikuja na kadi za ubatizo, kibao cha kodi ya baiskeli, daftari la nyimbo za kwaya, kaseti ya harusi ambayo katikati mtu alikuwa amerekodi mpira wa redioni. Kaseti Profesa aliipokea kwa shingo upande, eti kwa sababu fomu yake ilikuwa na mstari wa sauti na mstari huo ulikuwa bado mtupu.

Halafu akaja mstaafu mmoja wa kiwanda cha bia kule karibu na Rubona. Alikuwa na lebo za chupa tangu mwaka alioajiriwa, kila moja ameibandua kwa mvuke, ameikausha, ameibandika kwenye kadibodi yake. Zilikuwa safi kuliko cheti changu cha ndoa. Profesa alizitupia jicho moja.

"Hizi si urithi, mzee. Hizi ni takataka za baa."

Mzee alizikusanya tena. Aliziweka mezani kwangu, akaniambia labda mimi nitajua cha kuzifanyia, akaenda zake. Nilizitia kwenye kikapu chini ya meza.

Sasa nije kwa wifi yangu, dada wa mume wangu. Yeye alizaliwa hapa hapa, Kiswahili chake ni kile cha huku mpakani, kilichochanganyika na Kifaransa, na mimi aliniita muramukazi, yaani wifi kwa lugha ya huku. Alikuwa amesomea ualimu kabla ya vita na kumaliza. Cheti kiliungua pamoja na nyumba. Ofisi ya elimu ilikuwa inaajiri walimu, na kwa asiye na cheti iliomba jambo dogo tu: aje na wawili aliosoma nao wamshuhudie. Wenzake wengine walikuwa wamekufa, na waliobaki walikuwa ng'ambo, hakuna aliyejua wapi. Kwa hiyo mwalimu wetu alikuwa anakaanga sambaza, dagaa wa ziwa letu, kule Rubona, pale minibasi zinapogeuzia, akiwauzia abiria kwenye karatasi zilizokunjwa kama pembe.

Karatasi hizo zilitoka kwa mchuuzi aliyepita na magunia. Miaka ile ofisi nyingi zilibaki bila milango, na karatasi zao zilikwenda kwenye karanga, maandazi na samaki. Hakuna aliyeshangaa. Nimewahi kula sambaza kwenye hukumu ya mahakama, nikaisoma yote, na sikupata kujua nani alishinda.

Siku moja wifi alikuwa anakunja karatasi, mafuta yanachemka, akaona mwandiko anaoujua. Lilikuwa daftari la matokeo la shule yake ya ualimu. Kurasa za mwanzo, zenye majina ya wenzake wale na alama zao, zilikuwa zimeshaondoka na abiria wa asubuhi. Ukurasa alioushika ulikuwa wa mwisho: jina lake, alama zake, neno "amefaulu", sahihi ya mkuu wa shule na muhuri. Alama ya kidole gumba chake, chenye mafuta, ilikuwa juu ya somo la hesabu. Aliniambia alizima jiko akakaa chini akalia, na wateja wakaondoka wakimtukana.

Jumatatu ofisi ya elimu ilimwambia karatasi iliyochanika na inayonuka samaki si ushahidi. Na hapo ndipo nilipojitia kimbelembele. Mimi, mtu wa chuo kikuu, mwenye gundi na namba. Nilimwambia aniletee ile karatasi, ipite kwenye mashine, ipewe namba na muhuri wa chuo, tuone nani atabisha. Niliona fahari kweli kweli.

Profesa aliipenda. Aliigeuza, akainusa, akasema mafuta nayo ni historia. Akaiskani. Wifi akanyoosha mkono kuichukua, Profesa akampa badala yake nakala iliyotoka kwenye printa yake yenye wino wa kuazima, na namba ya chuo pembeni. Karatasi yenyewe alinipa mimi. Nami niliitia kwenye bahasha nikaifunga. Nilifanya hivyo kwa mikono yangu, wifi ananiangalia, kwa sababu bosi wangu alikuwa amesimama pale na mimi nilikuwa mwoga.

Jumatano wifi alirudi kutoka ofisi ya elimu. Hawapokei nakala. Alete ile ya asili, na orodha ya walimu inafungwa Ijumaa.

Nilikwenda naye kwa Profesa. Alitusikiliza kwa upole wa kuudhi.

"Mama, ile karatasi sasa ni mali ya taifa," alisema. "Nyumbani kwako ingeoza. Huku itaishi miaka mia."

"Na mi nitaishi miaka ngapi?" wifi akamuuliza.

Profesa akacheka, akafikiri ni mzaha. Wifi akanigeukia mimi.

"Donc, muramukazi, ku mashini mi niko mwalimu. Ku biro mi niko mama wa sambaza."

Hakupandisha sauti. Afadhali angenitukana. Nilirudi mezani nikaandika maelezo ya kadi tatu za ubatizo na zote nilizikosea. Nilikuwa na hasira na Profesa, lakini yeye alikuwa anafanya alichofundishwa. Aliyemshauri wifi ni mimi, aliyepaka gundi ni mimi.

Alhamisi mchana Profesa alikwenda kula samaki ziwani, kama kawaida yake, kwa muda mrefu, kama kawaida yake. Nilichemsha maji ya chai. Nilifungua sanduku, nikatafuta ile namba, nikashika bahasha juu ya mvuke wa birika kama yule mstaafu alivyobandua lebo zake. Gundi ya chuo haina ubishi. Nilitoa karatasi. Lakini bahasha tupu ingeonekana, na Profesa alikuwa na tabia ya kuzibonyeza bahasha kwa vidole akipita. Nikainama kwenye kikapu, nikachagua lebo moja nzuri, ya kijani, kadibodi yake ikiwa na unene wa kuridhisha. Nikaitia ndani, nikafunga. Kwa haraka nilijiunguza kidole kwenye birika.

Ijumaa asubuhi tulikwenda ofisi ya elimu pamoja. Karani aliweka karatasi yenye mafuta upande wa kushoto, nakala ya chuo upande wa kulia, akazitazama kwa zamu. Jumatatu ile ya kwanza peke yake ilikuwa haifai. Jumatano ile ya pili peke yake ilikuwa haifai. Sasa zote mbili zilikuwa mbele yake, akatangaza kwa heshima kubwa kwamba zinafanana.

"Basi hii ya asili tutaiweka kwenye faili," akasema, akanyoosha mkono.

Wifi aliweka kiganja juu ya karatasi.

"Hapana. We uandike hapa, mi niko naangalia."

Karani alinitazama mimi, kana kwamba nitamsaidia. Nikatazama dirishani. Alitoa kalamu, akanakili alama zote kwa mkono, akagonga muhuri wake, na jina la wifi likaingia kwenye orodha.

Jumamosi mtaalamu wetu aliondoka na sanduku lake. Miezi kadhaa baadaye chuo kilituma ripoti iliyochapwa vizuri, na humo nikasoma aya nzima aliyoandika kuhusu wingi wa aina za vitu alivyoviokoa Gisenyi: picha, kaseti, michoro ya mashamba, "na hata lebo adimu ya bia, kielelezo cha maisha ya kawaida ya watu". Namba aliyoitaja ilikuwa ya karatasi ya wifi. Hakujiuliza mbona kwenye kompyuta yake namba hiyo ina alama za hesabu. Nilikwenda kumtafuta yule mstaafu nimwambie lebo yake imekuwa urithi. Aliisoma ile aya mara mbili, akaniuliza kama zile nyingine nimezitunza. Nilikuwa nimezitunza. Nilimrudishia.

Shule zilipofunguliwa, wifi alikuja kwangu jioni moja akiwa bado na chaki kwenye sketi. Aliuliza kama ile kazi ya chuo iliniachia karatasi za kaboni, zile za kupigia nakala. Ilikuwa imeniachia boksi zima.

Alitoa daftari jipya la darasa kunionyesha. Majina ya watoto wote, kwa mwandiko wa mwalimu, mistari imenyooka. Kisha akatoa mkobani karatasi nyingine zilizokunjwa: majina yale yale, ameyaandika upya moja moja kwa kalamu.

"Moja ya shule, moja ya ku nyumba, chini ya godoro," alisema. "Kuandika mara mbili inanichosha mukono. Lakini sitaki mutoto wa mutu hata moja aje kujitafuta ndani ya sambaza."

Nilimpa boksi. Alizihesabu karatasi pale pale kwenye kiti, polepole, akalowesha kidole, kisha akasema zitawafikisha watoto hawa hadi darasa la sita.