Siku Mkwe Aliponichagua Mimi

Leo nacheka kwa sababu machozi yaliisha. Mimi, mama wa watoto wanne wazima, nilifunuliwa leso hadharani na mchumba wa binti yangu, nikiwa nimelowa, na kama hamjui kwamba Ukambani mkwe na mama mkwe hata mkono hawapeani (ndiyo nthoni hiyo, heshima isiyochezewa), basi lalani salama.

Tangu hedhi iniage, kibofu nacho kiliamua kustaafu. Nikikohoa, tone, nikicheka, matone. Miaka sita sikumwambia daktari, maana mimi, mwenyekiti wa akina mama kanisani, ningetamkaje mambo hayo mbele ya kijana wa koti jeupe? Nikawa fundi wa kukunja vipande vya taulo.

Siku ya ntheo ya binti yangu Mwende, yaani mbuzi wa kumposa kwa mila yetu, wageni wakaleta mbuzi wao kutoka Ekalakala hadi kwetu Kyumbi, wakaketi, wapi kwingine, kando ya njia ya choo. Mutua, bwana harusi mwenyewe, kiti cha mwisho kabisa. Ningepitaje mbele yake? Nikajikaza tangu saa nne. Saa nane dada yangu akaanza kuigiza mzee wao mmoja anavyotafuna nyama, nikacheka, na taulo ikasalimu amri.

Hapo akili yangu kubwa ikafanya kazi. Chumbani wasichana walikuwa wanajifunika leso gubigubi, watoke kwa foleni ili Mutua amtambue aliye wake. Nikasema na mimi nitajifunika, nikifika kona ya nyumba nachepuka chooni bila mtu kunijua. Mpango safi kabisa, ila wa nyuma yangu alinishikilia leso kwa nguvu asipotee (naye haoni mbele), wa mbele akatupeleka moja kwa moja uwanjani, nami nikajikuta wa tatu kwenye mstari, nikibadilisha mguu huu na ule.

Kumbe wale wapenzi walikuwa wamepatana kisiri kwamba Mwende atachezesha mguu.

"Huyu ndiye wangu," Mutua akasema bila wasiwasi, akavuta leso.

Tukatazamana. Mpiga picha, kwa bidii yake, akapiga. Mimi kwa mshtuko nikapiga chafya, na yaliyobaki yote yakashuka hadi kwenye viatu.

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo liliniuma zaidi. Mutua aligeukia ukuta. Nikaona ndoa ya mwanangu inavunjwa na kibofu changu, na niliogopa kweli. Ndipo mama yake Mutua akainuka, akanifunga leso yake kiunoni, akanishika mkono na kunipitisha mbele ya wazee wote hadi chooni.

"Mama Mwende, hii ilianza lini?" akaniuliza mlangoni.

"Miaka sita."

"Na umenyamaza tu? Hata mimi nilikuwa na hiyo shida. Sista wa kliniki alinifunza kukaza hapa chini kila asubuhi, sasa nakohoa vizuri. Jumatatu tunaenda na wewe."

Tulienda. Nakaza mpaka leo, hata sasa nikiwasimulia. Harusi ilifanyika, Mutua bado hanipi mkono (sasa ana sababu mbili), na nimeapa sitamficha daktari kitu tena, maana niliyomnyima yeye kwa miaka sita niliyaonyesha koo mbili kwa siku moja, na ile picha, Mwende ameibandika kwenye albamu ya harusi, ukurasa wa kwanza.