Kilo Ishirini na Saba za Kwenda Pemba

Safari nzima ilinigharimu laki mbili na elfu arubaini za tiketi mbili, elfu thelathini na tano za gari, na saa moja na robo. Pesa nshazisahau, na mimi si mtu wa kusahau pesa, muulize yeyote aliyenunua kiatu kwangu Darajani. Hiyo saa moja na robo ndiyo nnayoihesabu kila siku. Naihesabu mara mbili, na mara zote mbili inakuja ile ile.

Nafanya kazi uwanja wa ndege, hapa Unguja. Ukisema hivyo watu wanadhani una makubwa. Kazi yangu ni mizani. Kampuni yetu ina vindege viwili vya injini moja, kila kimoja kinachukua abiria watano na rubani, na kabla hakijaruka lazima ijulikane kimebeba kilo ngapi na kila kilo imekaa wapi. Mimi napima, naandika karatasi, natia saini. Rubani anaipokea, anajumlisha, anatia yake. Kabla ya hapo niliuza viatu vya mtumba miaka kumi na moja, na aliyeniajiri alisema ananichukua kwa sababu hajasikia mtu akilalamika kuwa nimemkosea chenji. Ni kweli. Chenji sijamkosea mtu.

Mizigo nilikuwa naipima kwa haki. Begi likizidi kilo kumi na tano linalipiwa, basi nusu kilo hainipiti. Watu ndio walionishinda. Hebu mwambie mwanamke wa hapa, mtu mzima, kavaa buibui lake, apande juu ya mizani mbele ya wanaume wanne na mzungu mmoja, na namba zinawaka nyekundu. Wa kwanza niliyemwambia aliniuliza, "Mwanangu, kwani mimi mbuzi?" Tokea siku ile nikawa nauliza kwa mdomo.

"Bi, uzito wako?"

"Sitini."

"Sitini ya mwaka gani, Bi? Natia themanini."

"Themanini mamako! Sitini na tano."

"Sabini na tano, na nakupa kiti cha dirishani."

"Sabini. Andika uniondokee."

Naandika sabini. Yeye karidhika, mimi nimeridhika, kama bei ya kiatu vile: muuzaji kashuka, mnunuzi kapanda, wamekutana katikati. Miaka mitatu karatasi zangu zilipita hivyo, ndege zikapaa na zikatua. Jambo lisipokuumiza muda mrefu unadhani limekusamehe.

Rubani wetu ni mwanamke wa bara, mwembamba, si mtu wa maneno mengi. Kila safari huanzia pale pale, mlango wa kushoto, halafu anaizunguka ndege nzima, mkono mmoja unagusa, mwengine umeshika karatasi ya ukaguzi anayoisoma. Anachuja mafuta kidogo chini ya bawa katika kikombe cha plastiki kinachoonesha ndani, anakinyanyua kwenye mwanga kutazama kama yameingia maji. Anachomoa kijiti cha oili, anakifuta, anakirudisha, anakichomoa tena. Vile vipande vya nyuma ya bawa vinavyopinda juu na chini anavitikisa kimoja kimoja. Kuna kamrija kadogo kanakopima mwendo wa ndege. Anakavua kifuniko chake chenye utepe mwekundu na kukachungulia, kwa sababu nyigu wa hapa wanapenda kujenga humo. Kisha tairi, breki, mkia. Akikatizwa katikati, simu ikilia au mtu akimwita, harudi alipoachia. Anaanza mwanzo. Siku moja nilimuona kaanza mara tatu, nikasema moyoni, huyu hawezi kuuza hata karanga.

Nikamtania. "Kapteni, si ndege ile ile ya jana hii? Bado unasoma tu?"

"Siku nikiacha kusoma mimi," akasema, "mtaanza kusoma nyie. Hitma."

Ni Mkristo, lakini kaishi nasi vya kutosha kujua hitma husomewa nani.

Asubuhi yenyewe ilikuwa ya masika, mawingu yameshuka mpaka kwenye minazi. Nilikuwa sijanyanyuka kwenye mswala wa alfajiri kaka yetu mkubwa akapiga simu kutoka Pemba, alikokuwa akikaa na mama. Akasema, "Mama katutangulia." Halafu akaeleza mipango, maana maiti haisubirishwi: kuoshwa saa nne na nusu, maziko baada ya adhuhuri. "Wazee wamenikubalia kumngoja dada mpaka saa tano. Baada ya hapo, mdogo wangu, hawanisikilizi."

Alikuwa akingojwa dada kwa sababu ya wasia. Mama aliusema mbele yetu sote, zaidi ya mara moja, na mara ya mwisho alinishika mkono nisijifanye sikusikia: nikifa, anioshe mwanangu, sitaki mkono wa mtu mwengine. Dada anakaa Bububu, hapa hapa Unguja, na kuosha maiti ndiyo sadaka yake. Wanawake wa mtaani kwao wakifiwa humwita yeye kabla ya kumwita mtu wa sanda. Kaosha mama za watu, hajui wangapi. Wa kwake ndiye aliyekuwa amebaki.

Boti za bandarini Malindi, hapa mjini, siku ile hazikuwa na safari ya Pemba. Ndege yetu ilikuwa na viti viwili, ya saa tatu. Nusu saa angani, saa moja kwa gari mpaka kijijini: saa nne na nusu mlangoni. Nikahesabu tena. Saa nne na nusu.

Dada alifika uwanjani saa mbili na robo, macho makavu, buibui limejaa kama tanga. Sikumuuliza lolote. Msiba ni msiba, nikamwandikia mwenyewe kilo sitini na tano, uzito ambao labda alikuwa nao siku ya harusi yake. Nyuma yake alikuwepo Bi mmoja mfanyabiashara, mteja wetu wa kila wiki, anayepeleka madira Pemba. Tulikuwa tunajua kwamba hujiviringisha nguo mwilini, dira juu ya dira, ndani ya buibui, asilipie mzigo. Nilimwandikia sabini. Mwalimu mstaafu alisema sitini na nane. Mnunuzi wa karafuu alisema themanini huku kavuta tumbo ndani. Mimi sabini na mbili. Mizigo arubaini kamili, hiyo imepimwa. Jumla mia tatu na tisini na tano, na kwa mafuta ya siku ile kikomo kilikuwa mia nne na ishirini. Nikatia saini.

Rubani aliponipokea karatasi alinipa mkono. "Pole sana, kaka. Nimeambiwa." Akasoma, akasaini, akaenda kuzunguka ndege yake. Tukapanda. Bi wa madira kiti cha nyuma kabisa, karibu na mizigo, maana ndipo anapopenda. Dada alikaa mbele yangu, midomo inasoma.

Rubani ana tabia ya kutupa jicho la mwisho watu wakishakaa, kuanzia pua mpaka mkia. Nilimuona kasimama mbele, kainama. Akaja nyuma, akaweka kiganja kwenye mkia. Akarudi mbele tena. Kisha akafungua mlango, akaniita nishuke.

"Tazama mguu wa mbele," akasema. Ule mguu wa tairi ya mbele ulikuwa umenyooka, umejivuta juu. Ndege ilikuwa imekalia mkia kama kuku anayetaka kutaga. "Hawa watu umewapima?"

"Nimewaandika."

"Sikukuuliza kama umewaandika."

Nikautazama ule mguu.

"Kaka. Umewapima?"

"Kapteni, wanawake hawa... Tunakubaliana tu."

"Mnakubaliana." Hakupandisha sauti. Ningefurahi angepandisha. "Shusha watu wote. Na mizigo."

Walishuka. Bi wa madira alianza pale pale. "Toba! Tunapimwa? Leo ndege imekuwa bucha?" Mwalimu akasema, "Bi, mtu kafiwa hapa, panda tu." Dada alipanda. Sabini na nane. Chini ya buibui alikuwa na sanda, karafuu maiti, marashi, ubani, na tende za kuwapa watakaochimba kaburi. Mwalimu sabini na moja. Mnunuzi wa karafuu themanini na nane, na tumbo alikuwa bado kalivuta. Mimi sabini na nne. Bi wa madira aligoma, akanilaani mimi na ukoo wangu, mwisho akapanda akiwa kafumba macho, kama asipoiona namba haitakuwepo. Tisini na sita. Jumla, pamoja na mizigo, mia nne na arubaini na saba.

Nikajumlisha upya mbele ya rubani. Haikushuka.

"Kilo ishirini na saba, Kapteni. Mfuko mmoja wa mchele na kidogo. Njia yenyewe nusu saa. Unajua nnakwenda wapi."

"Najua. Na nyingi zimekaa mkiani. Ikinyanyua pua na mimi nashindwa kuishusha, nitamwambia nani kwamba mna msiba? Ndege haitoi pole, kaka."

Bi wa madira angeweza kuvua nguo zake, lakini chumba cha kuvulia kiko upande wa pili wa jengo, na yeye ni mtu wa kufungua pini moja huku akitukana. Dakika ishirini, nikapiga hesabu. Mimi kujitoa, dakika moja. Nikajitoa. Msinione mwema, nilichagua kilicho rahisi. Nikamshika dada bega, nikamwambia, "Tangulia, mimi nitakuja na ya saa tisa." Akaniuliza kwa nini, nikamjibu, "Utaratibu tu."

Nilidhani wataondoka pale pale. Lakini rubani alikuwa kakatizwa, na nshasema akikatizwa anafanyaje. Karatasi mpya. Bi wa madira akaletwa kiti cha mbele. Kikombe cha mafuta, kijiti cha oili, vile vipande vya bawa, kamrija, tairi, mkia. Nilisimama kwenye kivuli cha jengo nikimtazama akigusa kila kitu alichokigusa nusu saa nyuma, na kila alipogusa nilitamani kumsukuma mkono. Alipomaliza ilikuwa saa tatu na dakika ishirini na tano, na mvua ikawa imefunga upande wa kaskazini, nyeusi kama sufuria. Akapiga simu Pemba. Wakamwambia hawauoni hata mwisho wa njia ya kurukia.

Wangeondoka saa tatu wangeitangulia mvua ile. Nimewauliza watu watatu wanaojua mambo ya ndege, kila mmoja peke yake, na wote wamesema wangeitangulia.

Dada alikaa kwenye kiti cha plastiki, kipakti cha karafuu maiti mapajani, akitazama saa ya ukutani. Hakulia. Kila baada ya muda alikuwa akisema, "Wamefika wapi saa hizi?" nami namjibu, "Bado, wanakungoja." Ndege ilipaa saa nne na robo.

Alifika kijijini saa sita kasorobo. Wazee walingoja mpaka saa tano na dakika tano, wakaongeza hizo tano kwa heshima ya kaka. Aliyemuosha mama ni jirani, mwanamke mzuri, simlaumu. Dada alimkuta keshavishwa sanda, wakamfunulia uso. Nywele zilikuwa zimesukwa mikia mitatu kama inavyotakiwa. Aliniambia jioni nilipofika, na ndilo jambo pekee aliloniambia siku ile: "Walimsuka vizuri. Lakini mkia mmoja walimvuta sana. Mama hapendi kuvutwa." Mimi sikuuwahi uso wala kaburi. Mwanawe wa kiume, na udongo wangu hata gao tatu za kiganja sikutia.

Hayo yana siku zake, na yangekuwa yanatulia kama huzuni nyengine zinavyotulia, lau si dada alivyojipangia hesabu yake. Kwake mwenye makosa ni rubani. "Yule mwanamke wa bara, roho ya jiwe. Kanipandisha mizani kama gunia la mbata, mama yangu kalala anangoja." Kalisema matangani, wanawake wakalichukua, sasa nalisikia mpaka Bububu dukani. Na mimi kila likisemwa naangalia chini, watu wanadhani ni majonzi.

Rubani hakunisema popote. Katika daftari la ndege kaandika kwamba uzito ulipimwa upya, basi. Siku niliyorudi kazini aliniwekea mizani mlangoni, kaizungushia pazia la kanga kwa kamba na vibanio, mtu anapanda ndani peke yake na namba anaiona msomaji tu. Pazia! Miaka mitatu sikuliwaza. Bi wa madira sasa anapanda mwenyewe, ananung'unika tu.

Jana dada kapiga simu. Kaamua kuandika barua ya malalamiko kwa wakubwa, rubani aondolewe, na anataka niiandike mimi kwa sababu mimi ndiye wa ndani na mwandiko wangu unasomeka. Nije Ijumaa baada ya sala. Arubaini ya mama ni Jumatano inayofuata, na anasema anataka awe keshautua mzigo huu kabla ya kisomo.

Karatasi ya kwanza ninayo, ile ya mia tatu na tisini na tano, saini yangu chini. Nimeikunja ndani ya msahafu. Nikimuonesha, rubani atasalimika, na mimi nitakuwa nimemnyima dada mama yake mara ya pili, maana mgeni unaweza kumchukia ukalala, ndugu yako huwezi. Nisipomuonesha, nitaandika kwa mkono wangu barua ya kumfukuza mtu aliyeyaokoa maisha ya dada yangu.

Sijui hata pa kuanzia. Nyinyi mliokwisha kumkosea ndugu katika jambo lisilorudi, nipeni shauri: nimuite kaka awepo, au niende peke yangu? Nimpe karatasi aisome mwenyewe, au nimwambie kwa mdomo kwanza? Ijumaa ni keshokutwa, na dada ananitegemea nije na kalamu.