Nilimchinja kuku wa mama bila kujua ni yupi

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenitokea mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Mimi nauza spea za magari mtaa wa Gerezani, jirani na Kariakoo, na naishi hapohapo, nyumba ya zamani yenye uani mpana. Nilikuwa naishi na mama yangu, mtu wa Lindi. Mwaka juzi alipata kiharusi, upande wa kushoto ukapooza. Akawa mtu wa kitandani.

Alikuwa anafuga kuku wa kienyeji pale uani. Kazi ya kuwalisha ikaniangukia mimi. Kwangu walikuwa kuku tu, namwaga pumba naondoka.

Jumapili moja nikasema nimpikie mama supu apate nguvu. Nikamkamata aliyekuwa karibu.

Hakukimbia hata kidogo. Sikujiuliza kwa nini.

Mama alikunywa vijiko viwili, akaniangalia.

"Umemchinja yupi?"

"Yule mwekundu."

"Wekundu wapo wawili."

"Yule asiyekimbia watu, mama."

Akaweka kijiko chini. Akasema taratibu, "Huyo ni Sikitu. Vifaranga wenzake walikufa wote ile mvua iliyojaza maji bonde la Jangwani. Yeye nilimlea humu chumbani, ndani ya kanga yangu."

Hakunigombeza. Aligeukia ukutani tu. Wakuu, bora angenitukana.

Kesho yake, kabla ya kwenda dukani, nikabeba stuli nikakaa uani. Mlango wa chumba chake ukiwa wazi, yeye ananielekeza kutoka kitandani.

"Yule mweupe anayewadonoa wenzake ni Bi Harusi. Mtangulizie chakula, ashibe, atawaacha wengine."

"Na huyu anayezunguka zunguka?"

"Tausi. Jicho la kushoto halioni. Mwekee upande wa kulia."

Kumbe kwa miezi yote ile Tausi alikuwa anashinda njaa mbele yangu.

Ikawa kawaida yetu kila asubuhi. Kila kuku alikuwa na stori, na ndani ya stori za kuku nikasikia maisha ya mama. Bi Harusi alinunuliwa wiki aliyofariki baba, maana nyumba ilikuwa kimya mno. Nilikuwa sijui kwamba mama aliogopa ukimya.

Mwaka huu mama ametangulia.

Siku ya msiba mjomba aliingia uani na kisu. "Wageni wametoka mbali, tukamate hao kuku."

Nikamwambia, "Hapana mjomba. Naenda Kariakoo sasa hivi kununua wengine."

"Kuku si kuku tu?"

"Hawa nawajua."

Alinikasirikia, mpaka leo hajanielewa vizuri. Sawa tu.

Nilichojifunza: nilikaa na mama nyumba moja miaka yote nikidhani namjua, kumbe sikuwahi kumuuliza chochote kuhusu vitu anavyovipenda. Nilibahatika kupata miezi michache ya mwisho.

Wewe ambaye mzazi wako bado yupo, kuna kitu anakihangaikia kila siku na wewe hujawahi kukaa naye akuelezee? Ni kipi? Niandikieni hapa, nitasoma moja moja.