Wimbo Uliomwita Pasi

Nilianza kupenda muziki kabla ya kuelewa maneno yake, na mpaka leo maana hunifikia ikiwa imechelewa. Kule Bihambwe nilikozaliwa, nyimbo zilitujia kwa Lingala, na Lingala tuliijua kama lugha ya askari: lugha ya kuulizwa unatoka wapi na umebeba nini. Lakini ikitoka redioni, ikiwa imevishwa gitaa, ilikuwa kama mtu mwingine kabisa. Nilikaa mlangoni jioni, ukungu ukishuka kwenye malisho, ng'ombe wakizama ndani yake kuanzia kwato mpaka mgongo, na mwanamume nisiyemjua akiniambia jambo nisilolielewa. Niliamini kila neno.

Shule niliiacha mwaka wa pili wa sekondari. Ilifungwa vita ilipofika, na ilipofunguliwa miguu yangu ilikuwa imeshazoea njia. Nilibeba maharagwe mpaka Sake, nikabeba samaki pale Shasha, nikalala kwa watu waliokubali nilale. Kila nilipofika niliuliza maswali yaleyale: nani anaimba hapo? Nani anapiga lile gitaa la pili? Kwa nini wimbo huanza polepole kama mgeni mlangoni, kisha katikati ukavua viatu na kukimbia? Sehemu hiyo ya kukimbia ndiyo sebene, na mimi ningeweza kuacha sahani yangu ya chakula kwa ajili ya sebene. Onyesho la kwanza la maisha yangu sikuliona. Nililisikiliza nje ya ua wa matete, nikitazama kivuli cha mcheza ngoma kikienda na kurudi chini ya ua. Nilirudi nikiwa nimeshiba.

Mapenzi hayo niliambukizwa na kaka yangu mkubwa. Jina lake la ubatizo lilibaki kanisani. Sisi tulimwita Pasi, kwa sababu ya pasi ya makaa aliyoachiwa na baba. Hata siku ya kwenda kuchimba mawe mlimani alivaa suruali yenye mkunjo ulionyooka kama mstari wa daftari. Wenzake walimcheka.

"Pasi, unaenda kuoa ile shimo?"

"Shimo nayo iko na macho," aliwajibu.

Siku moja alipanda lori la kwenda Walikale. Alisema atafika Kisangani, kutoka hapo atashuka na mto mpaka Kinshasa, akaone kwa macho yake vidole vya wale wapiga gitaa. Hakuaga sana. Mwezi uliofuata barabara ikakatwa. Ikapita misimu minne ya maharagwe bila barua wala salamu. Mtu mmoja alisema alimwona kwenye kizuizi cha barabarani. Mwingine alisema lori lile halikufika popote.

Baba mdogo, ndugu ya baba yetu marehemu, alianza kusema kwamba ni vizuri tukae kilio: siku tatu chini, tumlilie, tumwache apumzike. Mama alikataa. Hakuwa na sababu ya kuwaambia watu. Alikataa tu, kama mtu anavyokataa kuhama kwenye kiti.

Nilikuwa Shasha nilipoitwa nyumbani. Nilimkuta mama anaambua maharagwe, na anaimba kwa kunong'ona. Mama yangu, ambaye hakuwahi kuimba kitu nje ya nyimbo za kanisa.

"Banamutupa," aliniambia kabla sijakaa. "Mu redio. Siku ya posho, saa kumi. Minamusikia na masikio yangu." Posho kwetu ni Jumamosi.

"Nani, Mama?"

"Kaka yako! Muimbaji anamuita: *Pasi na ngai, Pasi na ngai*. Na sauti ya kulia, kama muntu mwenye anamujua."

"Na *ngai* ni nini?"

"Ni ya kwangu. Hiyo Lingala kidogo minajua. Askari akikamataka kuku, anasemaka njo ya ngai."

Lazima nieleze jambo hapa, maana anayesikiliza muziki wa nchi nyingine anaweza asielewe furaha ile. Waimbaji wa Kinshasa hutupa majina ya watu ndani ya nyimbo zao. Mfanyabiashara, mwenye magari, mtu aliyerudi kutoka Ulaya: jina lake hurushwa katikati ya gitaa, na nchi nzima inalisikia. Wanaita hivyo kutupa libanga, yaani jiwe. Kwetu, mawe tunayachimba mlimani, na hata betri za redio tunaziita mawe, basi jiwe la kutupwa redioni halikumshangaza mtu. Na libanga halitupwi kwa mtu wa bure. Kwa hesabu ya Bihambwe, Pasi alikuwa hai, alikuwa Kinshasa, na alikuwa mkubwa. Wengine walishampa kazi: ana nyumba ya kufulia nguo, wanamuziki wote wanapeleka suruali zao kwake. Wanawake kisimani walimpisha mama mbele ya foleni. "Mama ya Vedeti, pita! Usisahau sisi bamasikini." Walimtania kuwa mama wa nyota, lakini walimpisha kweli.

Baba mdogo peke yake hakucheka. Alikuja, akavua kofia, akamwambia mama, shemeji yake:

"Mulamu, redio inadanganyaka hata bei ya maharagwe."

"Yangu haidanganye."

"Basi muvulana uyu, mwenye anazungukaka bure, alete ile wimbo. Tuisikie sisi wote. Kama iko jina yake, minanyamaza mpaka kufa. Kama haiko, tunakaa kilio."

Mama aliniangalia. "Leta," alisema.

Nikisema sikuwa na shaka, nitakuwa nadanganya. Neno lile, pasi, nilikuwa nimelisikia ndani ya nyimbo nyingine, mahali ambapo kaka yangu hakuwa na kazi yoyote. Lakini nililifunika. Niliimba Lingala kama watoto wa altare walivyoimba Kilatini zamani, kwa mdomo uliojaa na kichwa kitupu, na utupu ule ulikuwa na raha yake.

Watu wa barabara waliniambia Kashebere kuna mwenye duka aliye na kaseti nyingi. Nikaenda kwa miguu, siku tatu. Vilima vya majani vilipungua, miti ikaongezeka, mwisho nikawa natembea ndani ya kijani tupu, maji yakidondoka hata pasipo mvua. Wimbo wenyewe nilikuwa sijausikia. Nilikuwa nao kama mama alivyouimba tu. Nilitembea nikiuimba, na kila siku uligeuka kidogo, ukachukua mwendo wa miguu yangu, ukachukua ndege, ukachukua njaa. Niliogopa kwamba nikikutana na wimbo wa kweli, tutapishana njiani kama watu wasiojuana.

Mwenye duka alikuwa mtu wa Butembo, mkatoliki, na picha ya Bikira Maria juu ya katoni za sabuni. Nilimwimbia. Alisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima.

"Ile kaseti nilikuwa nayo," alisema. "Mashine iliikula. Ngoja Yenga, orkestra itacheza kisha misa. Muimbaji anatoka Kisangani, hakuna wimbo asiyojua."

Yenga ni Jumapili, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Nilimsaidia kupanga magunia, na hapo nikagundua kwamba chumvi yake alikuwa anaifunga kwa kurasa za kitabu cha Kifaransa, kumbukumbu za mwanamuziki fulani, jalada limekwisha kutoka. Nilimwomba aniachie nisome kila ukurasa kabla haujafunga chumvi. Alinitazama kama mgonjwa, akakubali. Nilisoma jinsi mtu yule alivyojifunza gitaa kwa kutazama mikono ya mjomba wake. Nikasoma pia kuhusu mabanga, hayo mawe ya kutupwa. Aliandika kwamba majina mengi aliyoyaimba hakuwahi kuwaona wenyewe, na kwamba siku moja mama mmoja mzee alimfuata nyuma ya jukwaa, akamshika mkono, akamwuliza... Ukurasa uliofuata ulikuwa umeondoka asubuhi na chumvi ya mtu. Nimelala na swali la yule mama mara nyingi kuliko nyimbo nyingi nilizozimaliza.

Jumapili mvua ilinyesha, lakini walicheza, chini ya mabati yaliyotokeza mbele ya duka. Magitaa mawili, moja la kuchongwa palepale, nyuzi zake za waya wa breki ya baiskeli. Sanduku moja la ngoma. Muimbaji mwembamba, koti limemzidi mabega. Nimeshasikia orkestra zenye vyombo vya kung'aa baada ya siku ile, lakini sijasikia tena mvua ikishika mdundo hivyo. Watu wa msituni walicheza na matope mpaka magotini, kwa utulivu, macho yamefumbwa nusu, kama wanaosikiliza kitu kilichokuwa nyuma ya muziki. Nilisahau kwa muda kwa nini nimekuja. Nasema hivyo kwa aibu kidogo.

Walipopumzika nilimwendea muimbaji, nikamwimbia wimbo wangu. Aliinamisha kichwa.

"Nani alikufundisha?"

"Mama yangu, Papa."

"Mama yako anapoteza njia, lakini anafikaka." Akawaambia wenzake jina la wimbo, nao wakaanza.

Ulikuwa mzuri kuliko nilivyoubeba. Ulikuwa wa polepole, na sauti ilipofika kwenye *Pasi na ngai* ilishuka kama mtu anayeweka mzigo chini kwa uangalifu. Nilimwona kaka yangu wazi, amepiga magoti mbele ya suruali yake, anapuliza makaa. Ulipokwisha, nikauliza.

"Papa, uyu Pasi ni nani? Iko Kinshasa?"

Muimbaji akamtazama mpiga gitaa. Mpiga gitaa alicheka mpaka akaliweka gitaa chini.

"Kaka," muimbaji alisema, "Pasi haiko muntu. Pasi njo mateso. *Pasi na ngai, okosila mokolo nini.* Mateso yangu, utaisha siku gani. Basi."

"Haiwezi kuwa jina? Hata kidogo?"

"Ukiwa na feza, Kinshasa batatupa hata jina ya mbuzi yako. Lakini hapa hapana. Hapa iko mateso tupu. Ju ya nini unauliza?"

Nikawaeleza. Mpiga gitaa aliokota gitaa lake, akalifuta matope kwa mkono wa shati, asinitazame. Wakaupiga tena wimbo ule, tangu mwanzo, na safari hiyo hakuna aliyecheza.

Njia ya kurudi ilikuwa fupi kuliko nilivyotaka. Hakuna mtu Bihambwe ambaye angenibishia. Ningeweza kusema: ndiyo, ni yeye, muimbaji anamjua, anavaa vizuri. Niliujenga uongo ule tangu msituni mpaka kwenye malisho, nikaupiga rangi, nikauwekea na madirisha. Lakini baba mdogo angekaa kimya mpaka kufa, kama alivyoahidi, na mama angengoja kila siku ya posho mtu mwenye mkunjo kwenye suruali. Na mimi ningelazimika kuupenda muziki huku nikiwa nimeutumia hivyo.

Niliwakuta wote wawili ukumbini. Mama alinipa kiti. Nikasema yote, neno kwa neno, bila kuketi. Pasi ni mateso. Hakuna jina lililotupwa.

Baba mdogo hakushangilia. Alitazama kofia yake. Midomo ya mama ilikuwa ikijaribu neno.

"Mateso yangu," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Sasa nani mwengine?" Alinigeukia kana kwamba mimi ndiye niliyekosa kuelewa. "Siku mbili kumuzaa. Makaa yangu yote kuishia mu ile chuma yake. Kupanda lori bila hata kula. Nani mwengine ananitesaka ivyo? Njo yeye. Uyu muimbaji anamujua muzuri kuliko wewe."

"Mulamu," baba mdogo alisema polepole, "hiyo haiko jina."

"Miye nilikuwaka namuita ivyo zamani, mbele ya redio kumuita." Akanirudia. "Na kisha? Kisha anasema nini?"

Sikutaka kuusema mstari wa pili. Nikausema: utaisha siku gani.

Nje kulikuwa na ng'ombe mmoja akilia, na tulimsikiliza sote mpaka akanyamaza.

"Hapana," alisema mama. "Pale anakosea. Ile asiulize." Kisha akamtazama baba mdogo usoni, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya. "Umesikia? Anauliza siku gani. Basi haiyaisha bado. Mateso yangu haiyaisha, na kilio haikae hapa."

Baba mdogo alivaa kofia yake. Mlangoni alisimama kidogo, akasema, "Pole, mulamu," akaenda. Hakulitaja tena jambo lile, si msimu ule wala uliofuata.

Jumamosi saa kumi tulikaa na redio, mama na mimi. Walipiga nyimbo mbili, kisha ukaja. Mstari wa kwanza mama aliuimba pamoja nao, kwa sauti yake ya kanisa. Kabla ya mstari wa pili alinyoosha mkono, akaishusha redio mpaka ikawa kimya, vidole vyake vikibaki pale, akihesabu kwa kichwa. Alipoipandisha tena, sebene ilikuwa imeshaanza.