Mahali pa Kukutana

Jumamosi ile nilikuwa nimeloweka makayabu, samaki wetu wa chumvi, na harufu ilikuwa imetoka jikoni mpaka kwenye ngazi za majirani. Binti yangu Neema aliingia bila kubisha hodi, maana ana ufunguo wake, akasukuma bakuli langu pembeni na kuweka mezani mfuko mdogo mwekundu wa kubeba mgongoni. Akaanza kutoa vitu kimoja kimoja kama mtu anayepanga bidhaa: tochi, filimbi, betri ya kuchajia simu, plasta, dawa za maumivu, chupa ya maji, biskuti, na blanketi jembamba la kung'aa ambalo likikunjwa linaenea kiganjani. Wiki hiyo umeme ulikuwa umekatika mtaani kwao mchana kutwa na mtandao wa simu ukapotea. Neema ni mjamzito, tumbo limeshakuwa kubwa, na saa zote zile alikaa peke yake hajui mumewe yuko wapi. Umeme uliporudi akaagiza mifuko mitatu: wake, wa mumewe na wangu, na yote alikuja nayo.

Nilicheka. Mimi hucheka mahali ambapo watu wengine wangeshukuru, na watu wa kanisani wameshanizoea. Nikamuuliza kama vita vikifika mtaani kwangu Thornton Heath vitamsubiri amalize kufunga zipu. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba watu wanashauriwa kuwa na mfuko wa namna hiyo nyumbani, na kwamba hakuna aliyetaja vita isipokuwa mimi.

Basi nikaukagua. Hapakuwa na sabuni wala chumvi, wala sindano na uzi. Kitenge hakikuwemo pia, na hilo lilinikera, kwa sababu kitenge kinafunika, kinabeba mtoto, kinafunga kidonda, kinachuja maji ya mto, na mwanamke akitaka kujisitiri porini kinakuwa ukuta. Nilidhani atabisha. Hakubisha. Alikwenda chumbani kwangu, akachagua kimoja kabatini, akakikunja na kukisukuma chini kabisa ya mfuko.

Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Mama, simu zikikufa zote, tukutane wapi?"

Akajijibu mwenyewe kwamba kwangu ndiko kuzuri, maana yeye akiwa kazini Croydon anaweza kufika hata kwa miguu, polepole, na tumbo lake. Nikaitikia kwa kichwa na kurudi kwenye samaki wangu.

Swali hilo nililisikia kwa mara ya kwanza nikiwa msichana mdogo, Kivu, kwenye kijiji chetu chini ya milima. Aliyeliuliza alikuwa baba yangu, na yeye pia alijijibu mwenyewe.

Baba alitengeneza baiskeli sokoni. Siku ya mwisho ya kawaida alirudi mchana kula, mikono myeusi kwa grisi, akamkuta mama anamfukuza kuku aliyeingia kwenye unga. Wakagombana kidogo juu ya kuku huyo, ambaye baba alitaka achinjwe na mama alitaka atage kwanza. Mdogo wangu Bahati, aliyekuwa bado ananyonya, alikuwa amelala mgongoni kwa mama na hakuamka na kelele zote zile. Baba alikula, akanawa, akaniambia nimletee pampu yake, akarudi kazini. Kuku akabaki hai. Sijui aliyekuja kumla.

Miezi hiyo tulikuwa tunasikia kwamba wenye silaha wako upande wa pili wa mto. Sitawataja jina, walikuwa wanabadilisha majina mara nyingi kuliko tulivyobadilisha nguo. Kila nyumba ilikuwa na kifurushi karibu na mlango. Cha kwetu kilifungwa ndani ya gunia la unga: chumvi, viberiti vilivyozungushiwa nailoni, sabuni, sufuria ndogo, blanketi, vidonge vya malaria na kadi zetu za ubatizo. Baba alikifunga mwenyewe kwa mpira wa tairi la ndani, akakipima mgongoni kwake, akapunguza sufuria moja, akakipima tena. Kila jioni akifunga mlango alikuwa anatuuliza tukipotezana tutakutana wapi, na kabla hatujafungua mdomo anajibu.

"Tukipotezana, ni kwa Koko."

Koko ndivyo tunavyomwita bibi, na huyu alikuwa mama mzazi wa mama yangu. Nyumba yake ilikuwa juu kabisa mlimani, mbali na barabara ambayo magari ya wenye silaha yalipita. Kwa mtu anayefikiria watoto wake, hapakuwa na mahali bora zaidi.

Lakini ilikuwa nyumba ya mama mkwe wake. Kwetu mwanamume na mama mkwe wanaheshimiana kwa mbali. Hampi mkono, hali chakula mbele yake, hamtazami usoni. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kwenye majani mpaka mwenzake apite. Kulala chini ya paa lake, naye mwenyewe yumo ndani, hilo halikuwa jambo la kujadiliwa. Tulipomtembelea Koko, baba alitufikisha kwenye ua, akaweka sukari juu ya jiwe, akakohoa ili ajulikane amefika, akashuka. Mpango wake ulikuwa na nafasi ya kila mtu isipokuwa yeye, na katika jioni zote zile hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza, "Na weye utalala wapi?"

Walikuja mchana, siku moja baada ya ule ugomvi wa kuku.

Tulisikia risasi darajani, halafu karibu zaidi, halafu sokoni.

Mama alinishika mkono. Bahati alikuwa mgongoni. Kifurushi kilikuwa palepale mlangoni na tulikipita, kwa sababu mama alikuwa na mikono miwili tu.

Tulipita kwenye migomba. Mtu alikuwa amelala kifudifudi kwenye mfereji, viatu vyake vizuri. Mama akanigeuza uso.

Hatukukimbia. Mama alisema anayekimbia anaonekana.

Tulifika kwa Koko jua likiwa linazama. Alituhesabu kwa macho, akatazama nyuma yetu kwenye njia. Alitupa viazi. Hakuna aliyelala vizuri, na mimi nililia bila kujificha, nikimtaka baba.

Siku iliyofuata akapanda bibi mmoja, jirani ya Koko, ambaye alikuwa ameshuka kutafuta habari. Bibi vizee waliachwa kupita barabarani. Wanawake wa umri wa mama yangu hawakuthubutu kushuka, na kila mtu alijua kwa nini. Kichwani alikuwa amebeba gunia letu la unga, limefungwa kwa mpira wa tairi.

Baba alikuwa mzima. Alikuwa amerudi nyumbani baada yetu, akachukua kifurushi, akatufuata mpaka shule ya msingi iliyokuwa chini ya mlima, kando ya barabara. Hapo akasimama, pamoja na watu wengine waliokimbia. Kifurushi alikituma chote. Mama alikifungua na vitu vyote vilikuwemo, viberiti, blanketi, hata vidonge. Yeye mwenyewe hakujiachia kitu, na juu ya blanketi alikuwa ameongeza koti lake la mvua.

Furaha niliyoipata siku ile sijaipata tena. Nilivaa lile koti likafika chini, nikazunguka nalo uani, na mama akacheka.

Koko akamtuma yule bibi arudi, amwambie mkwe wake apande alale kwake. Jibu likaja asubuhi, la adabu sana: anashukuru, anamheshimu mama mkwe wake, huku chini kuko sawa, atangojea hali itulie. Nilimwona mama anauma mdomo. Koko alipepeta muda mrefu maharage ambayo yalikuwa safi tayari. Kisha akainuka, akakunja mkeka wake, akauweka kwapani.

"Mwambie akuye, apande," akamwambia yule bibi. "Miye nimetoka. Nitalala kwako. Nyumba ni ya mukwe sasa."

Akavuka ua na mkeka wake, akaingia kwa jirani. Mama akafagia. Mimi nikakaa kwenye jiwe la sukari ili niwe wa kwanza kumwona baba.

Tukasikia risasi upande wa shule. Chache.

Yule bibi hakufika. Alikuwa katikati ya mteremko alipoona magari yamesimama kwenye uwanja wa shule na wanaume wanapangwa mstari. Walipewa mizigo kichwani, masanduku ya risasi na magunia ya chakula cha wengine, wakaongozwa kuelekea msituni. Alimtambua baba kwa mwendo wake. Alirudi kwetu akakaa chini mlangoni na hakuweza kusema mpaka alipopewa maji.

Hakuna mwanamume wa shule ile aliyerudi.

Tulikaa kwa Koko mpaka msimu wa mvua. Muda wote huo Koko hakurudi kulala ndani ya nyumba yake. Mama alimwomba, mchungaji akamwomba. Alisema mkwe akija akute nyumba iko wazi. Tulipoondoka kuelekea kambini, ng'ambo ya ziwa, alikuwa bado anavuka ua kila jioni na ule mkeka, na watu waliokuja kambini baadaye walituambia aliendelea hivyo mpaka alipofariki. Baba hatukumzika. Mama hakuvaa nguo za msiba wala hakuolewa tena. Alikuwa mtu wa katikati, na akafa hivyo. Baadaye mimi niliolewa kambini, nikafika nchi hii, nikakaa kwenye viti vya jengo la uhamiaji la Croydon nikaeleza maisha yangu kwa watu wasionijua. Neema akazaliwa, baba yake akafariki. Hayo ni marefu na si ya leo.

Ya leo ni kwamba nilisimama jikoni na samaki mkononi, nikatazama nje dirishani, nikaona gari la Ombeni.

Ombeni ni mume wa Neema. Amezaliwa kwetu, kaletwa huku akiwa mtoto, na wazazi wake wamemlea vilevile. Alikuwa amekaa ndani ya gari tangu walipofika, kwenye baridi, akila krispi za viazi. Tangu wafunge ndoa hajakanyaga sebule yangu. Anamfikisha mke wake mlangoni, anaweka mfuko wa mchele au embe chini, anakohoa, anashuka. Ukweli ni kwamba nimejivunia jambo hilo. Nimelisimulia kanisani mbele ya akina mama ambao wakwe zao wanaingia na kufungua friji, nikawatazama wanavyoona wivu.

Nikamuuliza Neema: hapa ndipo pa kukutana, sawa. Na siku hiyo Ombeni akifika peke yake, kabla yako?

Neema akacheka huku anarudisha biskuti kwenye mfuko. "Si unamjua, Mama. Atangoja nje."

Nikanawa mikono. Nyuma ya mlango kuna ufunguo wa akiba, unaning'inia kwenye msumari. Nikauchukua, nikachukua na ule mfuko ambao Neema alisema ni wa mumewe, nikashuka ngazi na ndala zangu na harufu yangu ya samaki. Neema aliniita kutoka juu, sikugeuka.

Ombeni aliponiona alitoka garini haraka, akaangalia lami. Mimi nami niliangalia pembeni, kwa mazoea. Basi lilipita, tukangoja lipite. Nikaweka mfuko juu ya boneti, nikafungua mfuko wake wa mbele na kutia ufunguo ndani, nikafunga zipu mbele ya macho yake.

"Ombeni," nikasema, na sikuwa nimewahi kumwita kwa jina. "Siku mambo yakiharibika, utaingia. Neema awepo asiwepo. Miye nikiwa nimelala, utaingia. Usingoje nje."

Akasema kwa sauti ndogo, "Mama, nitakuwa ninakukosea heshima."

Nikamwambia habari za baba yangu, palepale barabarani, kwa maneno machache: shule, kifurushi, ule ujumbe wa pili uliokatikia njiani. Neema alikuwa amenifuata, amesimama nyuma yangu. Hakuwa anajua. Niliwahi kumwambia babu yake alikufa vitani, basi.

Nilipomaliza nikamtazama Ombeni usoni. Ana uso mzuri, una kovu dogo juu ya nyusi ambalo sikuwa nimewahi kuliona.

"Panda sasa," nikamwambia. "Fungua mlango mwenyewe, nione unafungua."

Akapanda. Akatoa ufunguo kwenye mfuko, akafungua. Akakaa kwenye ukingo wa kochi langu, mfuko mwekundu magotini, anatazama zulia. Mimi sikutoka. Niliendelea na makayabu yangu, nikampakulia, nikaweka sahani mbele yake, nikarudi jikoni nikaacha mlango wazi ili ajue nipo.

Baba angekuwa mzee sasa. Pengine asingepanda hata angeitwa na nani, sina hakika. Koko alimpa nyumba nzima, na simlaumu kwa lolote, alitoa alichokuwa nacho. Ila alituma maneno, na maneno yalitembea kwa miguu ya mtu mwingine, polepole, wakati baba mwenyewe yuko pale chini ya mlima. Hakuna aliyeshuka kumwambia usoni.

Nilimsikia Ombeni anakula.