Tulikwenda Hatta Kuujaribu Uzee

Safari hii ilianzia kwenye chumba cha kufulia nguo cha hoteli moja ya Dubai, ambako Mama Mdogo Wakesho, mdogo wake mama yangu, alikuwa msimamizi. Meneja wake, Mwingereza ambaye wote pale walimwita madam, alikuwa anajiandaa kustaafu. Harudi Uingereza. Yeye na mumewe walikuwa wanahamia kijijini Ufaransa, penye mizabibu na majirani wachache, na kabla ya kununua nyumba walikuwa wamepanga kijumba huko mwezi mzima wa baridi, waone kama watapaweza mahali pale, na kama wataweza kuvumiliana.

Mama Mdogo alinisimulia hayo kwenye simu akicheka. Kisha akasema, "Mghoi, mimi na baba yako mdogo hatujawahi kukaa nyumba moja."

Nilidhani anatania. Walikuwa na ndoa ya kanisani, watoto wawili wakubwa, Mwakio na mdogo wake, waliolelewa na bibi yao Wundanyi, na nyumba ya matofali iliyokuwa inamaliziwa huko huko kwetu, kwenye milima ya Taita. Lakini Dubai walikuja wakiwa vijana, kila mmoja na kampuni yake. Mama Mdogo alilala kwenye mabweni ya wanawake wa hoteli, Dubai Investments Park, nyuma ya viwanda. Baba Mdogo Mwadime alilinda usiku jengo lililokuwa linapanda Al Jaddaf, na mchana alilala kwenye kambi ya wanaume upande mwingine wa jiji. Mwanamume hapiti geti la huku, mwanamke hapiti la kule. Kwa hiyo ndoa yao iliishi Ijumaa. Asubuhi ibada, mchana nyasi za bustani, wali na maharagwe ndani ya bakuli la plastiki lenye kifuniko, mpaka jua litue na basi la kampuni lije kumchukua mume kwenda zamu. Waliagana kwa kupeana mkono kama wajumbe wa kamati, maana kukumbatiana hadharani kungewatia matatani. Likizo zao zililingana mara chache, na hizo chache ziliishia kwenye harusi na matanga ya watu.

Sasa mkataba wa Baba Mdogo ulikuwa unakwisha na alishaamua kurudi. Mama Mdogo alikuwa ameombwa aongeze mkataba mwingine, na madam alitaka jibu Jumapili asubuhi.

"Namtamani," aliniambia. "Lakini mwanaume yule namjua kwa Ijumaa tu. Nikifika Wundanyi nimkute mtu mwingine, nitakwenda wapi?"

Mimi nilifanya kazi kaunta ya ofisi ya magari ya kukodi. Arbab wangu, mwenye ofisi, alitoka ukoo wa watu wa Unguja, na mama yake alikuwa na shamba Hatta, mji wa milimani karibu na mpaka wa Oman. Ndani ya shamba palikuwa na kijumba cha wageni. Niliomba kijumba, nikapewa pamoja na gari dogo jeupe. Wao wakaomba ruhusa kazini. Hivyo ndivyo watu wawili waliooana kabla mimi sijaanza shule walivyotoka kwenda kujaribu kukaa pamoja.

Alhamisi alasiri nilimchukua Mama Mdogo kwanza. Alikuwa amesuka nywele upya na amejipaka mafuta ya nazi, harufu ikajaa garini. Baba Mdogo tulimkuta amesimama nje ya kambi, viatu vyeusi vya kazi viking'aa. Akapanda nyuma.

"Keti mbele na mkeo basi," nilimwambia.

"Mbele kuna viti viwili, binti yangu. Nimkalie mapajani?"

"Huyu ana maneno hata Alhamisi!" Mama Mdogo akasema, na nikamwona anatabasamu dirishani, kuelekea kwenye kreni za jiji zilizokuwa nyingi kama miti ya msitu uliokauka.

Baada ya jiji, barabara ya Hatta ilinyooka. Majengo yalipungua, ikabaki mighafu, miti ya jangwani, na ngamia wanaotembea kama watu waliosahau walikuwa wanakwenda wapi. Halafu mchanga ukabadilika rangi. Ulikuwa wa njano, ukawa wa machungwa, ukawa mwekundu kabisa, vilima kwa vilima.

"Voi!" Baba Mdogo akapiga kelele nyuma yangu. "Mghoi, simamisha. Simamisha, hii ni Voi!"

Nikaegesha. Akashuka mbio, mzee mzima, akainama na kuchota mchanga kwa mikono miwili. Mtu yeyote wa Taita anaujua wekundu ule. Ndio unaokupokea ukishuka chini Voi, kwenye reli, ndio unaopanda na wewe hadi milimani kwenye upindo wa suruali. Akaukamua kama anavyokamua mkulima anayepima unyevu. Ukachuruzika wote katikati ya vidole.

"Haushikani," alisema.

Alisimama pale, viganja wazi. Mama Mdogo alimwangalia kupitia kioo, na akasema polepole, kwa sauti ambayo sikuwa na hakika kama ananiambia mimi, "Sikujua anakumbuka udongo. Tunapokaa bustanini huwa ananiuliza habari za kazi."

Mbele kidogo kuna mji uitwao Al Madam. Mama Mdogo alipoona bango alijipiga paja. "Hata huku yupo!" Tukacheka hadi kwenye mzunguko wa barabara, na mawe ya milima yakaanza.

Tulifika Hatta mwanga ukiwa bado upo. Milima ya kule haina majani, ni mifupa mitupu ya kijivu na zambarau, lakini chini yake kuna mitende, ndimu, na mifereji ya maji inayopita shamba hadi shamba. Mwenyeji wetu, Bi Zuwena, alitoka akiwa ameinua mikono. Alitoka Unguja akiwa msichana, na Kiswahili chake hakikuwa kimepoteza hata punje.

"Karibuni, karibuni! Mie chai nshaipasha mara mbili! Hawa ndo maharusi wangu?"

"Maharusi wazee, Bi Zuwena," Mama Mdogo akajibu.

"Ee, uzee wa nini? Miye mume wangu n'likaa naye miaka arubaini chumba kimoja, mpaka n'kawa namjua anavyokohoa akitaka chai. Nyie bado wapya. Kijumba kile pale, godoro n'meshalianika."

Wakaangalia chini, wote wawili. Mimi nililala kwa Bi Zuwena.

Ijumaa asubuhi nilipokwenda kuwaamkia, Mama Mdogo alikuwa jikoni ana kikombe kimoja mkononi, na kingine hakionekani. Baba Mdogo alikuwa ameshakunywa chai, amekiosha kikombe chake, amekifuta, na amekifungia kwenye mkoba wake kwa kufuli.

"Mwulize nani atamwibia," Mama Mdogo akaniambia. "Tuko wawili humu. Ni mimi? Mwizi ni mimi?"

Baba Mdogo akajikuna shingo. "Mkono umefanya wenyewe, Mama Mwakio. Kule tuko kumi na sita chumbani. Kikombe ukikiacha huna kikombe."

Alifungua kufuli, akakirudisha mezani, kwa adabu kama mtu anayerudisha kitu cha jirani. Hakuna aliyecheka. Niliona jinsi Mama Mdogo alivyokitazama kile kikombe, na nikajua anakihesabu kwenye jibu lake la Jumapili.

Mchana tulitembea kufuata mfereji hadi bwawani. Maji ya bwawa lile ni ya kijani, yametulia katikati ya mawe makali. Baba Mdogo aliuangalia mfereji kuliko alivyoangalia bwawa. Alipiga magoti, akaondoa majani yaliyoziba, maji yakapata njia yakaongeza mwendo. Akaeleza jinsi babake alivyokuwa na zamu ya maji kule Wundanyi, asubuhi ya kila Jumanne, na jinsi maji yalivyokuwa baridi ukiyaingiza mguu. Nikakumbuka nami. Ukungu unaoshuka mpaka mlangoni, sauti ya ng'ombe usiyemwona, kuni mbichi zinazolia motoni. Nilikuwa sijafika nyumbani tangu nimalize chuo. Nikajifanya napiga picha.

Kisha ikafika magharibi.

Tulikuwa tumeketi uani, Bi Zuwena, mimi na wao. Jua lilizama nyuma ya mlima ghafla, kama kawaida ya huko. Adhana ikasikika kutoka msikitini, Bi Zuwena akainuka kwenda kuswali. Baba Mdogo naye akainuka. Akavaa koti. Mama Mdogo aliingia ndani na kutoka na bakuli la wali, akalibana kifuniko kwa kiganja, pembe baada ya pembe, akampa. Baba Mdogo akalipokea, akampa mkono. Wakaagana. Akateremka njia ya shamba mpaka barabarani, akasimama kando, uso ameuelekeza upande ambao magari hutokea.

Mama Mdogo alibaki mlangoni akipunga.

Nilidhani kuna jambo wamepanga. Ni Bi Zuwena, aliyetoka kwenda kutia udhu, aliyepaza sauti: "Baba we! Wangoja nini hapo njiani? Basi gani lije huku milimani?"

Baba Mdogo aligeuka. Hata kwa umbali ule niliona mabega yake yanashuka. Mama Mdogo aliuteremsha mkono wake taratibu, akautazama kama si wake.

Alipanda njia akirudi, bakuli kifuani.

"Nimekwenda," alisema.

"Na mimi nimekufungia," Mama Mdogo akasema.

"Sasa saa hizi watu hufanya nini?"

"Sijui, Mwadime. Sijawahi kukuona saa hizi."

Wakaketi kwenye ngazi, bakuli katikati yao, wakala kwa kijiko kimoja. Niliondoka nikawaachia uwanja. Kwa Bi Zuwena niliulizwa mbona nalia, nikasema ni moshi wa ubani.

Jumamosi asubuhi nilisikia kelele kabla sijafika kijumbani.

Mama Mdogo alikuwa amepika mandazi mlango wa jiko ukiwa wazi, bonde lote likionekana mbele yake, ndimu na mitende na moshi wa nyumba za watu. Akasema tu kwamba jiko la kwao Wundanyi nalo litaangalia bonde hivi hivi.

"Lile linaangalia mwamba," mumewe akasema, mdomo umejaa andazi.

"Linaangalia nini?"

"Mwamba. Fundi alisema upepo wa bonde utazima moto. Tukaligeuza."

"Mliligeuza lini?"

"Mwaka jana."

"Mwaka jana! Ijumaa zote hizo umekaa na mimi kwenye nyasi, unakula wali wangu, na unajua jiko langu linaangalia jiwe?"

"Ningekuambia saa ngapi? Nikuharibie Ijumaa?"

Hapo ndipo Mama Mdogo alipowaka. Alimwambia habari ya jiko, na ya dirisha alilolifunga usiku kucha kana kwamba kuna kiyoyozi, na ya barua za watoto alizojibu bila kumshauri. Baba Mdogo naye hakukaa kimya. Alisema yeye ndiye aliyesimama juani likizo nzima kumsimamia fundi, huku mwenzake anaongezewa mikataba. Walikusanya vitu wakigombana. Walimuaga Bi Zuwena wakigombana. Yeye akaniminya mkono akaninong'oneza, "Ah, sasa wameoana."

Njia yote ya kurudi waligombana. Safari hii wote wawili walikaa nyuma. Tulipita vilima vyekundu hakuna aliyetazama nje. Jiko likavunjwa, likajengwa, likapewa mlango wa pili. Mlango wa pili ukakataliwa kwa sababu ya mbuzi. Wakabishana kama watafuga mbuzi. Nilikuwa naendesha na moyo umejaa hofu ya jibu la kesho. Ilinichukua mpaka kreni za jiji zilipoonekana kuelewa nilichokuwa nasikia. Watu hawa hawakuwahi kugombana. Saa chache za Ijumaa ni fupi mno kwa ugomvi, huwezi kuanza kitu ambacho basi litakikata. Miaka yote walipeana upande mtamu tu, na huo mwingine ukawa unangoja kama sanduku lisilofunguliwa.

Nimeandika mengi kuhusu kutamani nyumbani, nikidhani ni kutamani milima na ukungu. Siku zile mbili zilinifundisha kwamba mtu anaweza kuitamani hata siku ya kawaida: jioni isiyo na kwaheri, na nafasi ya kukasirika na kuamka bado mpo.

Dubai Investments Park, mbele ya mabweni ya wanawake, nilizima gari. Mlinzi wa geti alituangalia. Mama Mdogo akashuka, bado anazungumza, akauinamia mlango.

"Na huyo fundi nitamwambia mwenyewe alibomoe."

"Halibomolewi, Wakesho. Ni saruji ile."

"Hatujamaliza."

"Basi sema tumalize."

"Hapa? Getini?" Akatweka mkoba begani. "Hapana. Kesho namjibu madam, wiki ijayo nakata tiketi. Tutamalizia Wundanyi, na tutachukua muda."