Keekee Iko Wapi?

Nakumbuka siku moja niliyomkunja shati mtoto wa kwanza wa Mzee Zefania mbele ya mama yake mzazi, kwa ajili ya neno moja ambalo mimi na yeye wote hatukulijua. Neno lenyewe ni keekee. Tulia mwanangu, nitakueleza.

Na usinicheke nikikuita mwanangu. Sina mvi hata moja. Huku Arusha vijana ndivyo tunavyoitana kijiweni, lakini leo nakuita hivyo kwa maana zote mbili, ya kijiweni na ya wazee, maana kile kisa kilinizeesha kwa wiki moja tu.

Mimi ni fundi mbao wa kujifundisha. Shule yangu ilikuwa simu yenye kioo kilichopasuka. Mzee Zefania, Mmeru wa huku juu ya Tengeru, ndiye aliyenifungulia karakana yake bila kuniuliza nimesomea wapi. Mtu akikufungulia mlango wakati wewe huna hata bawaba, unamfia. Atakayemsema vibaya Mzee Zefania mbele yangu, ajue hatumalizi kwa amani.

Ugonjwa wangu ni vifaa vya zamani. Nikipita sokoni nikaona randa imelala kwenye turubai katikati ya sufuria na redio mbovu, siwezi kupita. Na kuchagua najua, hapo sikudanganyi. Msumeno wa zamani usiukatae kwa kutu. Kutu ya juu inatoka kwa siki na msasa. Uinue usawa wa jicho kama mtu anayelenga, uone kama umepinda. Patasi igonge taratibu: ikilia, ichukue, ikibweka kama sufuria, iache. Randa igeuze tumbo juu, kama ina ufa kwenye mdomo, muage muuzaji kwa heshima. Haya yote nilikuwa nayajua. Kitu ambacho sikuwa najua ni majina.

Mzee yeye alifundishwa kazi na fundi mmoja wa Pangani aliyekuja kufanya kazi kwenye mashamba ya kahawa zamani, kwa hiyo vifaa vyake vyote vilikuwa na majina ya pwani. Mimi nilikuwa naviita "hii" na "ile". Siku moja nilikuta kwenye sanduku lake chuma kimepinda katikati kama kiwiko, juu kina kichwa cha mbao cha mviringo, chini kina meno ya kubana, yameshikana kwa kutu. Nikajua ni kitu cha kutobolea, cha kuzungusha kwa mkono. Vyuma vyake vya kutobolea vilikuwa na mkia wa pembe nne, haviingii kwenye drili yangu ya umeme.

"Hicho kina jina," Mzee akasema.

"Jina la nini Babu, chuma tu hicho."

Akafungua mdomo anitajie. Mimi nikawasha grinda.

Mwanangu, ile grinda bado inanguruma kichwani mwangu mpaka leo.

Mwezi uliofuata Mzee akapigwa na kiharusi. Akalazwa wiki tatu. Mkono wa kulia ukafa, maneno yakabaki machache, unayahesabu kwenye vidole. Nami kwa mapenzi yangu yote nikasema nimpangie karakana akirudi aikute inang'aa. Nikafagia, nikanoa, nikapaka mafuta. Na geti la banda la ng'ombe lilikuwa limekatika komeo, ng'ombe anatoka anakula maharage ya jirani, basi nikatengeneza na hilo. Watu wakanisifu kweli.

Mzee akarudi. Tukamweka barazani kwenye kiti chake. Akatazama mbele, akatazama sana, halafu akasema, "Keekee."

Bibi Elirehema, mkewe, akainama. "Unasemaje, Baba Anaeli?"

"Keekee... wapi?"

Hakuna aliyeelewa. Akaanza kwa ishara. Mkono wake mzima, wa kushoto, akauweka kifuani, akabonyeza. Halafu akauzungusha hewani, duara, duara. Halafu akanyoosha kidole mbele. Kifua, duara, kidole. Kutwa nzima. Nilimletea maji, nikamletea redio, nikamletea Biblia. Akanitazama mimi, akafumba macho.

Mama Zuhura ndiye aliyetuua. Huyu ni jirani, mtu wa Tanga aliyeolewa huku, anauza nazi na viungo soko la Tengeru. Alikuja kumpa pole mgonjwa, tukamuuliza kama neno hilo analijua.

"Keekee? Jamani, kwetu si bangili hiyo! Bangili ya fedha, pana hivi. Bibi yangu alikuwa nazo jozi. Mume akikuvika keekee, mwaya, ujue umependwa."

Bibi Elirehema katika maisha yake hajavaa kitu zaidi ya pete ya kanisani. Akaangalia viganja vyake, vyeusi kwa utomvu wa migomba.

"Mimi nimepewa jembe," akasema polepole. "Nimepewa shoka. Bangili kampa nani?"

Sasa zile ishara zikaanza kujisoma zenyewe, mwanangu. Mkono kifuani: mtu wa moyoni. Duara: bangili inazunguka mkononi. Kidole kinaelekea wapi? Nje ya geti, upande wa Maji ya Chai. Na Mzee aliwahi kukaa Maji ya Chai karibu mwaka mzima akipaua nyumba za watu. Hata mimi niliyemtetea nikaanza kuhesabu miezi. Nilikuwa siamini, na hapohapo sina maelezo mengine. Usiombe ukae hapo katikati.

Bibi akaacha kumlisha. Kijiko akamwachia mkwe. Siku ya tatu nikamkuta anafunga nguo zake kwenye kitenge, anasema anakwenda kwa kaka yake, na hatujui atarudi lini. Ndipo Anaeli, yule mtoto wao wa kwanza, akasema jikoni, "Mama, tukubali tu. Mzee alikuwa na mtu."

Sikumbuki nilivukaje meza. Nakumbuka shati lake likiwa mkononi mwangu.

"Futa kauli, kaka Anaeli! Futa!"

"Niache! We Ema kakuita nani kwenye kikao cha familia? Umekuja kupiga randa au kupiga watu?"

"Baba yako huyo!"

"Ndiyo, wangu! Wako yuko wapi?"

Hapo ningemvunja kitu. Bibi akagonga mwiko mezani. "Tokeni! Mkapigane bandani na ng'ombe wenzenu!"

Tukatoka kweli, tunahema. Nikashika geti la banda, nikalitikisa kwa hasira, nikamwambia Anaeli, "Naapa kwa Mungu, kwenye boma hili hakuna keekee!" Geti lenyewe likalia kwa mtikiso. Barazani Mzee akaanza kutoa sauti, anazungusha mkono, machozi yanamtoka. Nikadhani analia kwa sababu tunagombana.

Wahenga walisema hasira hasara. Mimi nilikuwa naijua kama wimbo wa shule, naimba tu.

Kesho yake asubuhi nilikuwa karakanani natengeneza kishikio cha kufunga ukutani, ili Mzee ajizoeze kusimama. Nimetoboa tundu moja, la pili niko katikati, umeme ukakatika. Nikasubiri. Haukurudi. Nikakasirika na drili, nikakasirika na nguzo za umeme, na mwisho nikasema, laiti ningekuwa na kile chuma cha kuzungusha. Unakiegemeza kifuani hivi, unabonyeza, mkono mwingine unazungu...

Mkono wangu ulikuwa kifuani. Mwingine uko hewani, unachora duara.

Mwanangu, nilisimama hivyo sijui muda gani. Jogoo akaingia ndani, akanitazama, akatoka.

Kwa sababu kile chuma nilijua kiko wapi. Nilikichomelea mwenyewe. Wakati Mzee yuko hospitali, nilitafuta kipande kilichopinda vizuri cha kufanyia komeo, nikaona kile kinafaa kabisa. Kichwa chake cha mbao kilikuwa kinanizuia, nikakigonga kikatoka, nikakitupa kwenye kuni. Mzee akarudi, akawekwa barazani, na kitu cha kwanza alichokiona mbele yake ni keekee yake imening'inia kwenye geti la ng'ombe, imefungwa kwa weldi kama mwizi. Kidole hakikuelekea Maji ya Chai. Kiliishia getini.

Nilikimbia, nikapiga magoti barazani. "Babu. Keekee ni ile?" Nikamwonyesha geti.

Akatoa pumzi ndefu. "Eee," akasema. "Eee."

Bibi alikuwa mlangoni, kile kitenge chake kiko begani. Akalitazama geti. Akamtazama mumewe. Mimi nilitamani ardhi inifungulie hata kwa bisibisi. Anaeli alipokuja nikamwambia, "Kaka, nipige." Akajibu, "Ngoja kwanza nicheke," akacheka mpaka akakaa chini, halafu akalia.

Na Mama Zuhura tulipomwita? "Ee, na ya fundi nayo ni keekee! Baba yangu mdogo alikuwa nayo. Mliniuliza keekee ni nini, nikawapa ninayoijua kwa mkono wangu. Mngeniuliza mara ya pili!"

Umeme uliporudi nikakata ile weldi kidogo kidogo, naogopa kama daktari. Makovu mawili yamebaki, hayatoki. Meno yake nikayaloweka kwenye dizeli siku mbili mpaka yakaachia. Kile kichwa cha mbao hakikupatikana. Kilishapika maharage, pengine maharage niliyokula mimi. Nikachonga kingine kwa mbao ya mti wa mringaringa. Sio kile. Kile Mzee alikuwa amekibonyeza kwa kifua tangu ujana, kilikuwa kimechukua umbo lake.

Nikampelekea. Akaishika kwa mkono wa kushoto, akaizungusha, akasikiliza. Nikangoja anitukane, nilikuwa nimejiandaa. Akasema neno ambalo hakuwahi kulisema tangu augue:

"Mafuta."

Mpaka leo sijui kama ule ulikuwa msamaha au karipio. Nikatia mafuta.

Geti sasa halina komeo, inabidi nguzo itobolewe tuweke komeo la mti. Nikachukua drili. Mzee akatikisa kichwa. Tukamsimamisha mimi na Anaeli, tukamwegemeza kwenye nguzo. Lakini keekee inataka mikono miwili, wa kubonyeza na wa kuzungusha, na yeye anao mmoja, na kifua chake hakina tena nguvu ya kubonyeza kama zamani. Nikanyoosha mkono nishike kile kichwa cha mbao. Bibi akanisukuma kwa bega. Akaweka viganja vyake viwili juu ya ule mringaringa, akaegemea.

"Haya, Baba Anaeli. Zungusha bangili yako."

Mzee akazungusha. Unga wa mbao ukaanza kudondoka kwenye miguu yao.

Sasa nasaha zangu, mwanangu, ni hizi. Usitupe mbachao kwa msala upitao. Na kama mbacha hujui ni nini, kauliza leo, usiseme methali kama kasuku. Kabla hujasugua kifaa cha zamani, kabla hujakikata, muulize mwenyewe kinaitwaje, na akianza kujibu zima mashine. Neno likikuchanganya, uliza mara ya pili kabla hujakunja shati la mtu. Na kumpenda mtu hakukupi ruhusa ya kupanga sanduku lake.

Mungu akupe macho ya kuona kilicho mbele yako getini. Akupe mikono miwili mizima, na siku mmoja ukilala, akupe mtu wa kukushikia kichwa cha keekee wewe ukizungusha. Amina.